Kipima manjano cha bei nafuu kwa vichanga: asubuhi kinakubaliana na maabara, mchana kinashuka. Kwa nini?

#1 Fundi_Capripoint

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wenye kujua saketi, maabara na wodi.

Kuna kisomaji cha bilirubini (kemikali ya damu inayoleta manjano) cha gharama ndogo kinachojaribiwa kwenye kituo cha afya huku kandokando ya ziwa. Damu ya kisigino inaingia kwenye kapilari (mrija mwembamba wa kioo) yenye heparini ya kuzuia damu isigande, ile ya pete nyekundu (kipenyo cha ndani milimita 1.1, cha nje 1.5). Inazibwa kwa udongo wake, inazungushwa dakika 5 kwenye sentrifuji ya hematokriti (asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu), halafu sehemu ya plazima (majimaji ya damu yasiyo na chembe) inakaa kwenye tundu kati ya LED mbili na fotodayodi. LED moja ni ya nanomita 455, nyingine 575. Fotodayodi ni BPW34B, ADC (kigeuzi cha umeme kuwa namba) ni ADS1115, ubongo ni ESP32, betri 18650 moja. Boksi limechapwa kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA nyeupe.

Sampuli za asubuhi zinapishana na maabara ya hospitali kwa chini ya 1 mg/dL. Za kuanzia saa nane mchana, kisomaji kinashuka kwa 2 mpaka 3. Maabara ikisema 17, hiki kinasema 14 na ushee. Kosa la kushuka ndilo baya kuliko yote, maana mtoto anayestahili taa (tiba ya mwanga wa bluu) anaweza kurudishwa nyumbani. Programu ni ileile, mtu anayepima ni yuleyule. Ni joto, ni damu, au ni maabara?

#2 MkungaZiwani

Karibu mkuu. Kabla ya saketi, tuanzie kisigino.

Kisigino kipashwe moto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 3 hadi 5. Toboa pembeni ya kisigino, usiguse katikati wala nyuma, na lanseti isizidi kina cha milimita 2. Spiriti ikauke kabisa kabla ya kutoboa. Tone la kwanza lifutwe. Baada ya hapo damu ije yenyewe. Ukikamua, chembe nyekundu zinapasuka na maji ya tishu yanachanganyika na damu. Mchana foleni ikiwa ndefu na mama analia, mikono huanza kukamua. Angalia plazima kwenye kapilari za mchana: ikiwa na wekundu, jibu unalo.

#3 Ngosha_Saketi

Mimi naweka dau kwenye joto. Chumba cha bati huku kwetu mchana kinaweza kupanda nyuzi 10 juu ya asubuhi bila shida. LED ikipata joto mwanga unapungua na rangi inasogea upande wa mawimbi marefu. Swali moja kwa #1: usomaji wa kapilari tupu (au yenye maji) unachukuliwa kabla ya kila sampuli, au mara moja tu kifaa kikiwashwa asubuhi?

#4 Fundi_Capripoint

Asanteni. Mkunga, plazima nyingi za mchana ni safi, mbili tatu ndizo zenye wekundu. Ngosha, usomaji tupu ni mara moja, asubuhi.

#5 Ngosha_Saketi

Basi hapo pana shida, ila haipo kwenye LED ambayo wengi wangeishuku. LED ya bluu ni imara, rangi yake husogea kama nanomita 0.03 hadi 0.05 kwa kila nyuzi moja, na mwanga haupungui sana. Ile ya 575, ya kijani-manjano, ndiyo dhaifu. Inaweza kupoteza karibu asilimia 1 ya mwanga kwa kila nyuzi.

Fuata mahesabu. Nyuzi 10 juu, mwanga wa 575 umeshuka asilimia 10. Kifaa hakijui kwamba LED imechoka, kinadhani plazima ndiyo imemeza mwanga. Ufyonzaji wa 575 unaonekana umepanda kwa 0.046. Kwa kuwa fomula yako inatoa 575 kutoka kwenye 455 ili kufuta himoglobini, bilirubini inashuka. Kwa njia ya mwanga ya milimita 1, kila mg/dL moja ya bilirubini ni ufyonzaji wa kama 0.083. Gawanya: unapoteza kama nusu mg/dL.

#6 MaabaraKwanza

Hesabu nzuri Ngosha, lakini imejipinga yenyewe. Nusu mg/dL haifikishi 2 wala 3. Joto lina sehemu yake, halimalizi deni.

Mkunga pia namrekebisha kidogo kuhusu upande wa kosa. Damu ikipasuka, njia ya diazo ya maabara (Jendrassik na Gróf, ya tangu 1938) huwa inasoma chini, kwa sababu himoglobini inaingilia mmenyuko. Maabara ikishuka, kisomaji kingeonekana kimepanda. Hapa tatizo ni kinyume.

Ninachotaka kujua ni kapilari zinakaa wapi zikisubiri kuzungushwa. Bilirubini huharibiwa na mwanga, na ndiyo maana tiba ya taa inafanya kazi. Sampuli iliyoachwa dirishani saa moja hushuka kwa kiasi cha kubadilisha uamuzi. Mrija wa kwenda maabara mara nyingi hufungwa foili. Je, kapilari zako?

#7 Fundi_Capripoint

Hazifungwi. Asubuhi zinazungushwa papo hapo. Mchana zinangoja zifike nne au tano ili sentrifuji izunguke mara moja, kuokoa betri. Kibao cha kapilari kipo mezani, mita moja hivi kutoka kwenye taa za bluu za wodi.

#8 MkungaZiwani

Mita moja kutoka kwenye taa za bluu! Mkuu, umezitibu sampuli pamoja na watoto.

#9 Dkt_Vichanga

Hapo Mkunga amepiga penyewe. Taa za tiba hulengwa nanomita 460 hadi 490 kwa sababu ndipo bilirubini inapomeza mwanga, na tiba kali inataka angalau mikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita kwenye ngozi. Mita moja pembeni nguvu ni ndogo zaidi, lakini kapilari ni nyembamba na haina ngozi ya kuikinga. Funika kibao kwa foili leo hii, usingoje uchunguzi uishe.

Naongeza maelezo mengine ambayo hayajatajwa. Watoto wanaopimwa mchana wengi wako chini ya taa tangu raundi ya asubuhi, sivyo? Mwanga hubadilisha umbo la sehemu ya bilirubini kabla haijatoka mwilini. Maumbo hayo mapya yanaweza kufika takriban asilimia 20 ya bilirubini yote kwenye damu ya mtoto aliye kwenye taa. Diazo huyahesabu karibu yote. Kisomaji cha mwanga moja kwa moja huyaona hafifu kidogo, kwa sababu ufyonzaji wake kwenye 455 hadi 460 si sawa na wa bilirubini ya kawaida. Kwa hiyo hata damu ikiwa safi, foili ipo na LED imetulia, mtoto wa kwenye taa atasomeka chini kuliko mtoto ambaye hajawekwa. Tenganisha makundi hayo mawili kwenye daftari.

#10 MaabaraKwanza

Nakubali na Dkt, na kwa haki niseme pia juu ya upande wetu, maana watu huiona maabara kama mizani isiyokosea.

Kalibreta ya bilirubini (sampuli ya kiwango kinachojulikana, ya kusawazishia mashine) nayo huharibiwa na mwanga. Ikikaa wazi juu ya benchi, bilirubini iliyomo inapungua lakini mashine bado inaamini namba iliyoandikwa kwenye chupa. Ukikalibreti kwa chupa hiyo, kila sampuli ya mgonjwa inasomeka JUU kuliko ilivyo. Kibaya zaidi, kama kontroli (sampuli za kuhakiki mashine) nazo zimekaa benchi hilohilo, zitasomeka sawasawa na hakuna atakayestuka, kwa kuwa zimeshuka pamoja. Maabara inayokalibreti saa sita mchana inaweza kuwa sahihi asubuhi na kupanda alasiri. Kwa hali hiyo kisomaji ndicho kinachosema kweli. Uliza wanakalibreti saa ngapi na chupa inahifadhiwa wapi. Ikiwezekana, sampuli chache zipelekwe maabara ya pili.

#11 Sato_Mweupe

Wakuu, kanda hii ina selimundu nyingi. Je, manjano haya hayatokani na hiyo, na kipimo kinachanganywa na damu ya selimundu? Pia kwa nini tuteseke na kapilari wakati kuna programu za simu, unapiga picha tu?

#12 Dkt_Vichanga

Sato, selimundu ni nyingi kweli Kanda ya Ziwa, lakini kichanga bado amejaa himoglobini ya kitoto (HbF), inayomkinga. Dalili huanza kujionyesha miezi kadhaa baadaye. Kwa manjano ya wiki ya kwanza angalia zaidi kundi la damu la mama na mtoto (mama O, mtoto A au B, au Rh), upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), kuzaliwa kabla ya wakati, uvimbe wa damu kichwani, maambukizi, na kunyonya kusikotosha. Kwa mwenye upungufu wa G6PD, vidonge vya naftalini vya kuhifadhia nguo ni hatari ya kweli. Nguo za mtoto zisiwekwe humo.

Simu: zipo zinazosoma ngozi pamoja na kadi ya rangi, kama BiliCam ya Chuo Kikuu cha Washington na Picterus ya Norway. Ipo ya UCL ya London, neoSCB, inayosoma weupe wa jicho, na imejaribiwa Accra. Faida ya weupe wa jicho ni kwamba hauna melanini (rangi nyeusi ya ngozi). Tabu yake ni kupata kichanga aliyefumbua macho, na mwanga wa chumba. Chini ya taa za bluu picha haifai kabisa.

Vipima vya ngozi vya kiwandani, JM-105 na BiliChek, ni vizuri kwa kuchuja, ila bei yake ni ya maelfu ya dola. Tafiti za Lagos zilionyesha vinasoma juu kwa watoto wa Kiafrika wenye ngozi nyeusi. Kusoma juu kunaleta rufaa zisizo za lazima, si kifo, lakini kwa familia ya kisiwa cha Ukara rufaa ni nauli na siku mbili za kazi. Na mtoto akishawekwa kwenye taa, ngozi yake inapauka kabla ya damu. Ngoja angalau saa 24 baada ya taa kuzimwa ndipo uamini kipima cha ngozi. Mwongozo wa Marekani wa 2022 unataka upime damu kama ngozi imesoma 15 au zaidi, au imebakiza 3 tu kufika mstari wa tiba.

#13 KivukoNansio

Kuna njia ya tatu, strip za karatasi. Tone moja, karatasi inachuja chembe nyekundu, plazima inatambaa mbele, kisomaji kinaangalia manjano. Bilistick ya Italia ni ya namna hiyo. BiliSpec ya Chuo Kikuu cha Rice ilijaribiwa Blantyre, Malawi, na matokeo yalichapishwa 2017. Sentrifuji haihitajiki, na kwa zahanati ya kisiwani hiyo ndiyo raha yake.

Zinapofeli ni hapa. Hematokriti ya kichanga ni kubwa, 60 na zaidi si ajabu. Chembe zikiwa nyingi, plazima ni kidogo na haifiki kwenye dirisha la kusomea, au inafika nusu. Kifaa kinatoa alama ya kosa, na kifaa kibovu kinatoa namba. Jambo la pili ni unyevu. Strip iliyotolewa kwenye mfuko wake ikaachwa wazi huku ziwani inanyonya unyevu na plazima inatambaa kwa mwendo mwingine. Mfuko ufunguliwe baada ya mtoto kutobolewa, usifunguliwe kabla. Na pakiti ya silika iliyobadilika rangi itupwe pamoja na strip zake.

Fundi akibaki na sentrifuji anapata hematokriti bure kwenye kapilari ileile. Hilo nalo lina thamani kwa mtoto wa manjano.

#14 Mwalimu_Takwimu

Nimesoma kimya tangu #1. Wote mnaeleza kwa nini MCHANA kinashuka. Hamjauliza kama tatizo ni mchana.

Vivuko na mitumbwi kutoka visiwani hufika asubuhi, akina mama wanafika kituoni, wanaandikishwa, wanapimwa saa nane. Hao ndio wa rufaa, wenye manjano makali. Asubuhi mnapima waliozaliwa hapohapo, wengi wana 6, 8, 10. Kwa hiyo kundi la mchana linaweza kuwa ndilo kundi la namba kubwa. Weka data kwenye mchoro wa Bland na Altman: wastani wa vipimo viwili mlalo, tofauti yake wima. Kama tofauti inakua jinsi bilirubini inavyokua, saa haina hatia. Na tafadhali, mtu asilete hapa "R ni 0.97" (R huonyesha tu kama namba mbili zinapanda pamoja). Kifaa kinachosoma nusu ya kila jibu kitakuwa na R ya 1.

#15 Ngosha_Saketi

Mwalimu, hapo umenifungua. Rudini #1 mtazame neno moja: PLA NYEUPE.

Plastiki nyeupe inapitisha na kusambaza mwanga. Mwanga wa LED unatembea ndani ya ukuta wa boksi na kufika kwenye fotodayodi bila kupita kwenye plazima. Pia kapilari ni ya duara, na kama mwanya ni mpana kuliko milimita 1.1, mwanga unapita ubavuni na kwenye kioo chenyewe. Tuseme mwanga huo mtoro ni asilimia 3. Kwenye bilirubini 8 plazima inapitisha asilimia 22 ya mwanga, hivyo 3 ya nyongeza haisumbui: utasoma 7.5. Kwenye 17 inapitisha chini ya asilimia 4, na mtoro anakaribia kulingana na mwanga halali: utasoma 14.2. Kwenye 25 plazima inapitisha chini ya asilimia 1: utasoma 17. Yaani mtoto anayekaribia kubadilishwa damu anaonekana wa taa za kawaida.

Linganisha na namba za Fundi: asubuhi chini ya 1, na 17 inakuwa 14 na ushee. Kutoa usomaji wa giza hakusaidii, kwa sababu mtoro huyu yupo tu LED ikiwaka.

Dawa: chapa kishikio upya kwa plastiki nyeusi isiyopitisha mwanga, au funga ndani kwa foili nyeusi. Weka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.5 mbele na nyuma ya kapilari, katikati kabisa. Jaribu kwa kuweka kapilari iliyojaa wino mweusi wa printa. ADC inapaswa kurudi karibu na usomaji wa giza. Kinachobaki hapo ndicho mtoro wako.

#16 MaabaraKwanza

Ngosha leo ameshuka na fizikia yote. Lakini upana wa rangi ya LED nao unakunja mstari kwenye namba kubwa, kwa kuwa LED ya 455 ina upana wa nanomita 20 na zaidi, na pembeni bilirubini inameza kidogo. Ukipata mkunjo usiseme mara moja ni mtoro.

#17 MkungaZiwani

Wakati mnachapa boksi, wazazi wanaopita hapa wajue: manjano ndani ya saa 24 za kwanza, manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, mtoto asiyenyonya, aliyelegea, anayelia kwa sauti kali au kujikunja mgongo nyuma, ni hospitali sasa hivi, kipimo kiwepo kisiwepo. Na kumwanika juani asubuhi si tiba. Kipimo chake hakijulikani, mtoto anaungua au anapoa. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa 2015 ulitumia mahema yenye plastiki ya kuchuja miale mibaya, watoto wakiangaliwa joto muda wote.

#18 Sato_Mweupe

Asante Mkunga, Dkt nimekuelewa. Fundi, kikikaa sawa kitauzwa lini?

#19 Fundi_Capripoint

Sato, bado mbali. Kifaa cha kupima mgonjwa kinahitaji kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na kukilinganisha na maabara kwa watoto kunahitaji kibali cha maadili. Mpaka hapo majibu yake hayaingii kwenye faili la mtoto.

Nitakachofanya, mnisahihishe. Kila mtoto kapilari mbili kutoka tobo lilelile, moja ya kisomaji, moja kwa maabara, zote ndani ya foili. Usomaji tupu kabla ya kila sampuli. Kipande cha kioo cha manjano kinasomwa kila saa kuonyesha LED inavyohama. Safu za daftari: saa, joto la chumba, yuko kwenye taa au hayupo, rangi ya plazima, hematokriti. Kishikio cheusi kinaingia baada ya wiki ya kwanza.

#20 Mwalimu_Takwimu

Usiingize kishikio cheusi wiki nyingine. Tumia vishikio viwili siku moja, kapilari ileile isomwe kwenye kimoja kisha kingine, na ubadilishe kinachoanza. Vinginevyo tutabishana tena kama ni boksi au ni foili.

#21 Dkt_Vichanga

Na skrini ionyeshe kipimo kimoja tu cha namba, kile kilicho kwenye chati ya ukutani. 15 mg/dL ni 257 µmol/L. Kwenye chati ya NICE (taasisi ya miongozo ya tiba) ya Uingereza, mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 38 na zaidi, aliyefikisha saa 96, huwekwa kwenye taa akiwa 350 na hubadilishwa damu akiwa 450. Nesi wa zamu ya usiku asiachiwe kuzidisha kwa 17.1 kichwani.

Bado sijaona jibu la #10. Wanakalibreti saa ngapi?

#22 Fundi_Capripoint

Nimeulizia. Wanakalibreti mashine ikibadilishiwa kitendanishi (kemikali ya kupimia), na saa haiandikwi. Nimeomba waanze kuiandika.

#23 KivukoNansio

Kapilari ya kwenda maabara isisafirishwe bila kuzungushwa. Damu ikitikiswa njiani chembe zinapasuka. Izungushe kwanza, ikate juu ya mstari wa chembe, ziba pande zote mbili, ndipo ifungwe foili.

#24 MaabaraKwanza

Sawa, ila ujazo. Kapilari moja inabeba kama mikrolita 75. Hematokriti ikiwa 60 unabaki na plazima 30, na mashine nyingi zinataka ujazo wa ziada usiofyonzwa chini ya kikombe. Uliza maabara kiwango chao cha chini kabla hujamtoboa mtoto. Ikibidi, ziwe kapilari tatu.